Samadi ya Jumatatu

Tanga,
29 Desemba 1973

Dada Esta,

Jenoveva amekubaliwa Kifungilo. Sista mkuu wa shule ameniandikia mwenyewe, na barua yake imenifikia kazini jana asubuhi. Nisamehe kwa kutanguliza habari mbele ya salamu. Shikamoo dada. Shemeji Rubeni naye mpe shikamoo yangu, na umwulize mguu unaendeleaje tangu gogo lilipomwangukia huko kwenye kupasua mbao. Sisi hatujambo. Mke wangu amekwenda kanisani siku mbili mfululizo kushukuru. Unajua kwao ni Wakatoliki, na mama yake alisoma kwa masista haohao.

Shughuli sasa iko kwenye vifaa. Mtoto anatakiwa godoro, mablanketi, sanduku la bati, sare na viatu, na mshahara wa karani wa bandarini unaufahamu. Nilipokuwa nafikiri nikakumbuka barua yako ya mwezi wa nane. Uliniandikia kwamba ng'ombe wangu amewachosha, kwamba majani yako mbali, Rubeni hawezi tena kupanda mlima, na ni Efrazia anayekata na kubeba kila akitoka shuleni mpaka jua linazama. Niliona haya kuisoma. Miaka sita sasa mnahangaika na mnyama ambaye si wenu.

Kwa hiyo nawapunguzia kazi. Athumani, mchuuzi wa ng'ombe wa Mlalo, atapita kwenu baada ya mwaka mpya. Tumekwisha kupatana. Mpeni ng'ombe na kamba yake. Ningekuja mwenyewe, lakini kazi haziruhusu.

Efrazia mwambie akaze masomo. Ada imefutwa, sasa mtoto wa mtu yeyote anaweza kufika mbali.

Mdogo wako,
Danieli


Mtae,
Jumapili, 20 Januari 1974

Mdogo wangu Danieli,

Pokea salamu zetu sote. Barua hii anaiandika Efrazia. Mimi nasema huku nachambua maharage. Shemeji yako anakusalimu. Mguu unamfikisha kanisani na kumrudisha, zaidi ya hapo haumpeleki. Ukungu mwaka huu ni mwingi na maharage ya bondeni yameoza kabla hatujayang'oa. Habari ya Jenoveva imetufurahisha. Rubeni ameitangaza kwa kila aliyepita njiani, hata kwa watu wasiomjua mtoto wala baba yake.

Athumani alifika Jumapili iliyopita, wakati watu wanatoka ibadani. Nilimkaribisha chai, akasema ana haraka. Tulimpa ng'ombe na kamba yake. Ng'ombe alikataa kwenda na mtu asiyemjua, ikabidi Efrazia awasindikize mpaka kona ya barabara. Ahsante kwa kutupunguzia kazi.

Jenoveva tumemwekea peasi, tumempa dereva wa basi. Za juu zimeiva, aanze na hizo. Nasikia mtapita Lushoto mkimpeleka shuleni. Rubeni amefyeka njia ya kuja kwetu, na kuku mmoja tumemfungia.

Dada yako,
Esta

(Mimi mwandishi, Efrazia. Shikamoo mjomba. Yule ng'ombe hakubali kukamuliwa na mtu aliyekaa upande wa kushoto. Ukimwona Athumani mwambie.)


Tanga,
2 Februari 1974

Dada Esta, shikamoo.

Hatujambo. Peasi zilifika, chache zilipondeka, nyingine tulizila. Mtoto wa mwisho ameota meno mawili na usiku halali, nasi hatulali.

Jenoveva tulimpeleka wiki iliyopita. Tulifika Lushoto mapema, tukapanda moja kwa moja Kifungilo. Kufika kwenu hatukuweza, muda ulikuwa mfupi. Ni mahali safi sana. Vitanda vimetandikwa vyote namna moja, na bustani imepangwa utadhani imepigwa rula. Wengi wa wenzake ni binti za watu wa maofisi, na mmoja aliletwa kwa Landrova. Nilishukuru kwamba Jenoveva alikuwa na viatu vya ngozi na saa ya mkononi. Hakuna aliyemtazama mara mbili.

Efrazia yuko darasa la sita sasa. Mwaka jana uliniandikia kwamba alikuwa wa pili. Mwaka huu hana tena mzigo wa majani jioni, kwa hiyo natarajia awe wa kwanza. Niandikie nafasi aliyopata katika jaribio la kwanza. Nataka kumwambia Jenoveva, wapate kushindana.

Mdogo wako,
Danieli


Mtae,
Jumanne, 12 Machi 1974

Mdogo wangu Danieli,

Salamu. Hatujambo, ila Tobia, mdogo wake Efrazia, alikuwa na kikohozi, sasa anapona. Kicheche amekula kuku wawili. Rubeni ameanza kusuka matenga na vikapu, ni kazi ya kukaa, inamfaa. Pole kwa meno ya mtoto.

Umeuliza habari za Efrazia. Ndiye huyu anayeandika, uji unachemka na jua limetoka, tumeanika nguo. Mwaka jana alikuwa wa pili, kama ulivyosema. Masomo yanaendelea.

Jenoveva akikuandikia tusalimie.

Dada yako,
Esta

(Mjomba, shikamoo. Mama alisema, "Andika masomo yanaendelea." Nikamwuliza, "Ya nani?" Akasema, "Wewe andika, hukuitwa kuhoji." Nimeandika. Sasa anauliza mbona naandika marefu hivi, nimemwambia nakupa salamu za Tobia. Salamu za Tobia. Efrazia.)


Tanga,
23 Machi 1974

Dada, shikamoo. Natumaini mko salama, na Tobia amepona kabisa. Sisi tu wazima.

Barua yenu imeandikwa Jumanne asubuhi, uji ukichemka. Mtoto wa darasa la sita alikuwa nyumbani kwa sababu gani? Naomba unijibu kwa basi la kwanza.

Danieli


Tanga,
25 Mei 1974

Dada Esta, shikamoo.

Miezi miwili imepita bila jibu. Salamu za kwetu ni hivyohivyo, wazima. Nyumbani hapa tunapanga foleni ya unga toka alfajiri.

Efrazia hajaingia darasani tangu mwezi wa pili. Aliyeniambia ni Mwalimu Fanueli, yule tuliyesoma naye, ambaye sasa anafundisha hapo kwenu. Alikuja Tanga kwa semina nikamkuta stendi ya mabasi. Nilimnunulia chai. Kabla hajamaliza kikombe nilitamani angekuwa hakuniona.

Nilimwambia, "Lakini nimewaondolea mzigo. Esta mwenyewe alilalamika."

"Alilalamika vipi?"

"Kwamba ng'ombe anawachosha."

Akaweka kikombe chini. "Wewe Danieli, uliona wapi mtu aliyepewa ng'ombe wa kutunza akamsifu? Akimsifu, mwenyewe atasema ananeemeka kwa mali yake. Lazima alalamike. Ndiyo adabu. Mama yako alimlalamikia ng'ombe wa mjomba wako miaka yote, na siku aliyokufa yule ng'ombe tulidhani kuna msiba wa mtu."

"Nilisahau."

"Umekuwa mtu wa pwani. Ukikaribishwa chakula, mwenyeji akasema hatuna kitu hapa, nadhani unarudi njiani kutafuta mkate."

Alicheka peke yake. Halafu akanieleza mengine, na haya nayaandika kama alivyoyasema, ili uone kwamba nayajua na hatuna haja ya kuendelea kufichana. Maziwa ya jioni yalikuwa yanakwenda hotelini, na huko ndiko zilikotoka daftari za Efrazia, sare yake na mafuta ya taa ya kusomea. Samadi ilikuwa ya maharage yenu na ya shule. Kila Jumatatu mwanafunzi wa darasa la tano na kuendelea huleta kikapu cha samadi kwa shamba la shule, na asiye nayo hutumwa kuitafuta mpaka aipate. Efrazia alitumwa Jumatatu mbili. Ya tatu alileta kikapu kimejaa. Kiranja akakimwaga mbele ya mstari. Juu ilikuwa samadi, chini udongo mtupu. Shule nzima ilicheka. Mtoto aliokota kikapu chake akaenda nyumbani, na hajarudi.

Nilimwuliza Fanueli yeye alifanya nini. Akasema, "Niliwanyamazisha." Kisha akaongeza, "Baada ya mimi mwenyewe kucheka."

Akaniambia pia kwamba ng'ombe alikuwa na mimba. Ndama wawili wa kwanza nilichukua mimi, kama ilivyo desturi. Wa tatu ni wa mtunzaji. Dada, ndama yule alikuwa wako. Mbona hukuniandikia hata neno?

Nitatafuta ng'ombe mwingine mapema. Kuna dereva wa lori ananifahamu, anapandisha mizigo Lushoto. Atamleta mpaka hapo.

Mdogo wako,
Danieli


Mtae,
14 Julai 1974

Mdogo wangu,

Salamu. Leo naandika mwenyewe, utauvumilia mwandiko, niliishia darasa la nne. Baridi ni kali. Mahindi hayakukomaa. Efrazia hayupo, yuko kwa Mama Zuhura anakata majani ya ng'ombe wake wawili, na sisi tunalipwa samadi ya maharage. Inatosha maharage. Ya shule haitoshi.

Ng'ombe wa kuletwa na dereva sitampokea.

Umesahau vingi, kwa hiyo nitakuandikia kama kwa mgeni. Mwenye ng'ombe akimtaka ng'ombe wake huja mwenyewe. Hula, hulala, humshukuru mtunzaji mbele ya majirani, ndipo hufungua kamba. Akimtuma mchuuzi, amesema kwamba mtunzaji ni mwizi. Kwamba kuna ndama aliyeliwa, au maziwa yaliyouzwa kwa siri. Athumani alimpitisha ng'ombe wako mbele ya kanisa, watu wote wako nje. Toka siku ile naulizwa, "Esta, ulikula nini cha ndugu yako?" Wengine huuliza kwa mzaha. Mzee wa kanisa aliniuliza kwa upole, akaniambia hata Mungu husamehe, na huyo ndiye aliyeniumiza kuliko wote. Rubeni haendi tena ibadani. Anasema ni mguu.

Unauliza mbona sikukuandikia habari ya mimba. Mtu hahesabu kilichomo tumboni mwa ng'ombe wa mwenzake. Na ningekuandikia nini baada ya hapo? Kwamba mwanangu anasoma kwa kinyesi cha ng'ombe wako?

Jenoveva alimwandikia Efrazia. Barua nzuri, ni mtoto mwenye upendo. Alimweleza kwamba saa yake inang'aa gizani. Efrazia akaniuliza saa inakula majani kiasi gani. Nilimkaripia, halafu nikatoka nje.

Mwezi wa kwanza mlifika Lushoto. Toka hapo basi la kuja kwetu lipo kila siku. Njia ilikuwa imefyekwa na kuku alikuwa amefungiwa. Ulisema muda ulikuwa mfupi, nami sikuuliza zaidi. Sasa nauliza.

Esta


Tanga,
31 Agosti 1974

Dada Esta, shikamoo. Shemeji shikamoo. Hapa tunakula unga wa njano, watoto wanaulalamikia. Mke wangu anakusalimu. Jenoveva alikuja likizo akarudi, ameongezeka kimo.

Barua yako nimekaa nayo mfukoni mwa koti mwezi mzima na zaidi. Nilianza kujibu mara nyingi nikachana.

Muda ulikuwepo. Tulikuwa na siku nzima ya ziada, hata tulilala Lushoto kwenye nyumba ya wageni. Hatukuja kwa sababu sikutaka Jenoveva afike kwa masista na harufu ya moshi na ya ng'ombe kwenye nguo mpya. Mke wangu hakusema lolote, ni mimi. Pale stendi mtoto alisoma kibao cha basi akaniuliza, "Baba, hili si ndilo la kwa shangazi?" Nikamwambia silo. Lilikuwa ndilo. Kondakta alinisikia akanitazama.

Kuhusu saa, masista hawakuitaka. Niliitaka mimi. Bila saa na bila viatu vya ngozi vifaa vingepatikana kwa mshahara na kukopa kidogo kazini. Ng'ombe aliuzwa ili binti yangu asifanane na mtu wa kwetu. Mimi nililala utoto wangu wote nyumba moja na ng'ombe wa baba, nikaenda shule na harufu hiyohiyo, na sikumbuki kama kuna aliyenifukuza.

Sina la kujitetea. Naandika kilichofanyika.

Nimemwandikia Fanueli, naye amezungumza na mwalimu mkuu. Efrazia anaweza kuanza upya darasa la sita mwezi wa kwanza, akiletwa na mkubwa wa ukoo atakayemsemea. Nafasi haitashikwa muda mrefu. Wakijaa, basi. Akingoja mwaka mwingine atakuwa mkubwa zaidi, na Fanueli anasema wa umri huo wakikosa mara ya pili hawaonekani tena.

Athumani anasema yule ng'ombe amezaa jike huko Mlalo na mwenye naye hamwachii mtu. Nimepata mwingine kwa mtu mwaminifu hukohuko. Likizo yangu imekubaliwa kuanzia 16 Desemba mpaka 11 Januari. Naomba ruhusa nije mwenyewe, kwa miguu toka Mlalo, na kamba mkononi. Ukimkataa ng'ombe nitakuja bila ng'ombe.

Mdogo wako,
Danieli


Mtae,
Jumapili, 17 Novemba 1974

Mdogo wangu Danieli,

Salamu za hapa nyumbani. Leo mwandishi ni Efrazia tena. Tobia hajambo. Mvua zimeanza vizuri, viazi vinapendeza. Nimechelewa kujibu. Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena, halafu Rubeni akaniomba aisome mwenyewe. Kesho yake nilimkuta anagongelea mbao kwenye banda la ng'ombe.

Njoo. Uje Jumapili tarehe 22 Desemba, na upite mbele ya kanisa watu wakitoka, kamba ukiishika wewe. Usitangulize mtu. Mzee wa kanisa atakuwa mlangoni. Mwambie yeye na walio karibu naye kwamba nilimtunza ng'ombe wako vizuri, na hakuna chako kilichopotea mikononi mwangu. Sema kwa sauti ya kusikika. Hayo ya moshi usiyaseme, yabaki kwetu. Rubeni atakuwepo. Amesema mguu utaweza.

Huyu ng'ombe atakuja kwa desturi ileile. Wa tatu ni wetu. Nami nitakulalamikia kama kawaida, na wewe utajua.

Mje na Jenoveva kama masista wamefunga shule. Alale na Efrazia. Nguo mpya aziache Tanga.

Dada yako,
Esta

(Mjomba, shikamoo. Mama amenipa nafasi niandike yangu, amesema hatayasoma, ila amekaa hapa.

Kuhusu shule hakuna aliyeniuliza kama nataka. Nataka. Lakini nitakaa na wale waliokuwa darasa la tano, na hao ndio waliocheka kuliko wote. Nitakuwa mrefu kuliko wote pia. Kuna wimbo walitunga, wadogo wa la kwanza wanaujua mpaka leo. Tobia akiimbiwa hupigana.

Siku ya kufungua ni Jumatatu, na Jumatatu ni samadi. Nimemwambia mama kwamba darasani nitaingia, lakini kupita katikati yao na kikapu sitaweza. Akaniuliza, "Sasa nani atakibeba?" Nikasema, "Aliyeuza ng'ombe." Nilidhani atanichapa. Aliendelea na kumenya viazi, halafu akasema niandike hivyohivyo nilivyosema, na baba asuke kikapu cha mtu mzima. Baba amekwisha kukianza.

Mama anasema likizo yako inaisha tarehe 11, kwa hiyo uombe siku tatu zaidi kabla hujaondoka Tanga. Shule inafunguliwa Jumatatu, tarehe 13 Januari. Mstari ni saa moja na nusu asubuhi. Efrazia.)